Msiwaondoe watoto shuleni kabla hawajaaga

Wapendwa wazazi na walezi, walimu, masista, na ninyi wajukuu zangu wa darasa la mwisho,

Tumsifu Yesu Kristo.

Nawaandikia wiki tatu kabla ya kufunga shule, maana maneno kama haya yakichelewa huwakuta watu wameshafunga mabegi. Nimefundisha katika shule ya msingi ya Kanisa kwa miaka 31, na tangu nistaafu naendelea kuja kusaidia katekisimu na maktaba. Jambo ambalo halijaacha kunisumbua miaka yote hiyo ni namna tunavyoumaliza mwaka. Karatasi ya mtihani wa mwisho ikishakusanywa, shule inakuwa kama nyumba ambayo wenyewe wamehama. Walimu wameinamia ripoti, wazazi wanapiga simu kuuliza kama mtoto anaweza kuchukuliwa mapema, na watoto wanazurura uwanjani, hakuna anayewaambia kinachoendelea. Kinachoendelea ni kuagana. Na kuagana, wanangu, hufundishwa kama hesabu inavyofundishwa.

Fungueni Injili ya Yohane muone Bwana wetu alivyoaga. Sura ya 13 mpaka ya 17, tano nzima, ni usiku mmoja wa kuagana. Alianza kwa kuinuka mezani na kuwaosha wanafunzi wake miguu. Akawaambia anaondoka. Petro akauliza, Tomaso akasema hawaijui njia, Filipo akaomba aonyeshwe Baba, na kila mmoja alijibiwa. Hakuna aliyeambiwa anyamaze kwa kuwa muda umekwisha. Mwishoni akawaombea, huku wanasikia. Paulo naye, alipokuwa safarini kwenda Yerusalemu, aliwaita wazee wa Efeso waje Mileto. Akawakumbusha alivyoishi kati yao, wakapiga magoti pamoja, wakalia, wakamkumbatia, kisha wakamsindikiza mpaka merikebuni. Yamo katika Matendo ya Mitume sura ya 20. Kanisa letu limezaliwa na watu waliojua kuaga.

Mimi mwenyewe nilichelewa kulijua hilo. Mwaka mmoja, nikiwa bado kijana kazini, nilikuwa naandika ripoti siku ya mwisho ya muhula. Mtoto mmoja wa darasa langu akaja akasimama kando ya meza. Alikuwa mtoto wa maneno machache. Nikamwambia, bila kuinua macho, "Subiri kidogo, mwanangu." Alisubiri. Nikamaliza ripoti moja, nikashika ya pili, ya tatu. Nilipoinua kichwa hakuwepo. Januari nikaambiwa familia yake imehama, na kwamba alikuwa amekuja kuniambia hivyo. Ripoti zile zilikuwa na mwandiko mzuri sana. Sijui leo hii ziko wapi, wala sijui yeye aliko.

Kwa hiyo walimu, na ombi hili nalielekeza kwenu kwanza: malizeni ripoti mapema, hata kama itabidi mtihani ufanyike siku mbili kabla ya tarehe yake, ili siku ya mwisho mikono yenu iwe mitupu. Mtakatifu Yohane Bosco, yule padre Mwitaliano mlezi wa vijana tunayemwita Don Bosco, alikuwa na desturi ya kusema na vijana wake maneno machache kila jioni kabla hawajaenda kulala, na wafuasi wake wanaendelea nayo hadi leo, wanaiita "usiku mwema". Dakika chache tu, lakini kila mtoto alilala akijua kuna mtu mzima aliyemkumbuka. Nawaomba mfanye hivyo kwa mwaka mzima mara moja. Kila mtoto aje mezani, umwite kwa jina, umwambie jambo moja ulilomwona akilifanya vizuri, naye apewe nafasi ya kusema lake. Darasa la watoto 40, kwa dakika tatu tatu, ni saa mbili. Saa mbili hizo zipo. Tumezoea kuzipoteza kwa kuhesabu madawati.

Sasa ripoti. Wazazi, msomeeni mtoto nyumbani, mlango ukiwa umefungwa. Nimeona mengi katika uwanja wa shule siku hiyo: mzazi anafungua bahasha palepale, anatafuta nafasi ya mtoto darasani, na uso wake unabadilika mbele ya wazazi wengine na mbele ya watoto wao. Mtoto hatasahau uso ule. Don Bosco aliandika mwaka 1877, katika maelezo yake ya njia ya kulea kwa kuzuia kosa kabla halijatokea, kwamba kumwonya au kumwadhibu mtoto hadharani kusifanyike ila mara chache sana. Mahali pake ni faraghani. Alikuwa akiishi na mamia ya vijana ambao wengi wao jamii ilikuwa imewakatia tamaa, na bado alisema hivyo. Sisi wenye mtoto mmoja mkononi tunashindwaje?

Na mkishafika nyumbani, anzeni kusoma chini, pale mwalimu alipoandika kwa maneno yake, kabla ya kupanda juu kwenye alama. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, katika tamko lake kuhusu elimu ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, ulisema wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Basi maneno ya mwalimu pale chini ni barua kutoka kwa msaidizi wenu. Jibuni. Karatasi nusu inatosha, mtoto aipeleke muhula ukifunguliwa. Katika miaka yangu 31 nilipata majibu ya namna hiyo machache mno, na yote nimeyatunza.

Kuhusu ada nitasema kwa ufupi, maana ni jambo la kuzungumza ana kwa ana. Mzazi mwenye deni aende kwa mwalimu mkuu mwenyewe kabla ya wiki ya mwisho, aeleze hali yake. Mtoto asifanywe tarishi wa deni asilolikopa. Nanyi uongozi wa shule, asije akasimamishwa mtoto pembeni wenzake wakipewa bahasha. Niliwahi kuliona likifanyika mahali fulani, na msichana aliyesimamishwa alikuwa na alama nzuri kuliko wote. Tamko lilelile la Mtaguso linazitaka shule katoliki ziwajali kwa namna ya pekee maskini, waliokosa malezi ya familia na wasio na imani yetu. Kama kuna la kudai, na lidaiwe kwa watu wazima.

Misa ya shukrani ndiyo kilele cha siku zetu za mwisho, nami nina mawili ya kuomba hapo. La kwanza ni viti. Mbele kabisa wakae wapishi, mlinzi, dereva, wanaofagia na kusafisha vyoo. Mnakumbuka wakoma kumi walioponywa, katika Luka sura ya 17: aliyerudi kushukuru alikuwa mmoja, tena Msamaria, mgeni, na Bwana akauliza wale tisa wako wapi. Watoto wetu wamehudumiwa mwaka mzima na watu ambao watoto wengi hawayajui hata majina yao. Wiki hii wayajifunze. Siku ya Misa mtoto wa darasa la kwanza asimame na kuwataja mmoja mmoja.

La pili ni maandamano ya vipaji. Tumezoea kupeleka altareni mpira, kengele, ramani ya dunia na daftari, kisha Misa ikiisha kila kitu kinarudi kabatini. Samahani, wapendwa, hicho si kipaji. Pamoja na mkate na divai, Kanisa linapokea vitu kwa ajili ya maskini na mahitaji ya Kanisa, na kilichotolewa kimetolewa. Basi mtoto alete sare iliyombana, ikiwa imefuliwa na vifungo vyote vipo. Alete viatu ambavyo bado ni vizima, au kitabu cha hadithi alichokisoma akakipenda. Januari yupo mtoto atakayevihitaji. Watoto wasio Wakatoliki nao walete kama wenzao. Kushukuru hakumhitaji mtu awe na cheti cha ubatizo.

Tukija kwenye igizo la Noeli, kuna jambo ambalo watu hulisahau. Mwaka wetu wa shule unapoisha, mwaka wa Kanisa ndio kwanza umeanza. Jumapili ya kwanza ya Majilio huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba, na hapo ndipo Kanisa linapofungua mwaka mpya, kwa kungoja, kwa rangi ya zambarau, mshumaa mmoja ukiwaka kati ya minne. Kwa hiyo tunaagana katika majira ya kungoja. Sioni vyema igizo letu limalize kila kitu, mtoto azaliwe, Mamajusi wafike na kuondoka, yote katika wiki ya pili ya Majilio, ili kwamba Noeli yenyewe ikifika nyumbani ikute habari imekwisha. Mwaka huu nimemwomba mwalimu wa kwaya igizo liishie mlangoni Bethlehemu, Maria na Yosefu wakitafuta pa kulala. Kisha kila mtoto apewe hori dogo la karatasi, alilolitengeneza mwenyewe darasani, liko tupu, aende nalo nyumbani. Usiku wa tarehe 24 ninyi wazazi mumsaidie kumweka Mtoto Yesu ndani yake na kumalizia hadithi. Sehemu ya mwisho ya igizo ni yenu.

Kuhusu mavazi, msihangaike. Usiku wa Noeli ya mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio, Italia, Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliomba aandaliwe hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda. Basi. Watu walikuja na mienge, Misa ikaadhimishwa hapo, na hadi leo dunia nzima inatengeneza pango kwa kumfuata yeye. Shuka safi begani inamtosha mchungaji wa miaka minane, na mzazi asikope fedha ili mwanawe awe na mabawa ya malaika.

Siku ya kufunga kila mtoto achukuliwe na mtu ambaye mwalimu anamfahamu, na jina lake liandikwe kabla. Msiseme, "ataondoka na wenzake." Wazazi watakatifu kuliko wote walidhani hivyo. Maria na Yosefu walitembea mwendo wa siku nzima wakiamini Yesu yumo msafarani na jamaa na marafiki, kumbe amebaki Yerusalemu. Walimpata baada ya siku tatu. Alikuwa na miaka 12. Kama familia ile ilipatwa na hilo katika msongamano wa sikukuu, sisi hatuna sababu ya kujiamini. Vitabu vya maktaba virudi siku mbili kabla, nami nitakuwepo kuvipokea. Kilichochanika kirudi kikiwa kimechanika, sitamgombeza mtu.

Sasa ninyi wajukuu zangu wa darasa la mwisho. Wengi wenu mna umri ule ule aliokuwa nao Yesu alipokutwa hekaluni, ameketi katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Tazameni alichofanya baada ya hapo: alishuka na wazazi wake mpaka Nazareti, akawatii. Likizo hii ndefu mtakuwa nyumbani mkingoja shule mpya, na mtajiona wakubwa. Someni nyumbani, saidieni nyumbani, nendeni Misa hata pasipokuwa na mwalimu wa kuwahesabu. Wale ambao hawajapata sakramenti ya Kipaimara waonane na katekista wa parokia watakakohamia, mapema. Na muulizeni mama au baba cheti chenu cha ubatizo kiko wapi. Shule haitoi cheti hicho. Hutolewa na parokia ulikobatiziwa, kwa sababu daftari la ubatizo linatunzwa huko. Kiombeni kabla ofisi hazijaelemewa na shughuli za Noeli.

Kabla hamjatoka, nendeni kwa yule mliyegombana naye. Mnamjua. Mwaka ujao hamtakuwa naye dawati moja, na neno ambalo leo linahitaji hatua kumi litahitaji safari. Nendeni pia kwa mwalimu aliyewachosha zaidi. Msiandae maneno mazuri. Mwambieni, "Mwalimu, nimekuja kukuaga," naye atajua la kufanya.

Nami siku hiyo nitakuwa nimeketi karibu na lango tangu asubuhi, kwenye kile kiti cha maktaba chenye mguu uliofungwa kamba. Sitakuwa na ripoti yoyote mkononi. Anayetaka kuniambia neno aje, hata akiwa mtoto wa maneno machache, nitamngoja mpaka alimalize.

Wenu katika Kristo,
Bibi wa maktaba