Kwa Zuhura, Bagamoyo

Makorora, Tanga

Shoga yangu Zuhura,

Salamu zako zimefika, na mtoto mpe pole ya mafua. Umeniuliza unafanyaje na mteja anayetumia unga, yaani heroini, ambaye pia anasikia sauti, na zamu nzima muuguzi ni wewe peke yako. Mwenzangu, huyo habebwi na mtu mmoja.

Huku tuna kikundi chetu: wauguzi, ofisa ustawi wa jamii, na mfamasia mkali kama pilipili mbuzi. Alhamisi tukitoka kazini tunakaa na chai yetu, siku nyingine ni WhatsApp. Juzi tulimjadili kijana wa methadoni, ile dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini, anayeshikwa na arosto, yale maumivu ya kukosa unga, kila jioni. Dozi ni ileile, anainywa dirishani tunamwona. Kila mtu alishaanza kusema karudia kete. Mfamasia akauliza tu: "Kliniki ya akili wamempa nini?" Kumbe kabamazepini, dawa ya kifafa inayotumika pia kwenye magonjwa ya akili! Dawa hiyo hulifanya ini liivunje methadoni upesi, basi inamwishia kabla ya kesho yake. Madaktari wa pande mbili wakapigiana simu, akabadilishiwa dawa. Haloperidoli nayo, dawa ya wanaosikia sauti, ikikutana na methadoni, moyo unataka kupimwa umeme wake.

Methadoni imeanza Muhimbili mwaka 2011, na bado kuna mahali mgonjwa anapigwa danadana: wodi ya akili anaambiwa aache unga kwanza, kwenye methadoni anaambiwa akatibiwe akili kwanza. Anayeumia ni yeye, na wewe unayempokea akirudi.

Sharti letu ni moja: jina halitajwi, faili halipigwi picha. Mji wenyewe huu mdogo, ukisema "kinyozi wa Sahare" umeshamaliza.

Alhamisi iliyopita hatukuzungumzia dozi kabisa. Mwenzetu mmoja alifiwa na mteja, tukamwacha alie mpaka chai ikapoa. Nani kazini angempa nafasi hiyo?

Jiandikishe na ISSUP pia, jumuiya ya kimataifa ya watu wa kazi yetu, iliyoanza 2015. Ina mafunzo mazuri. Ila hao hutawapigia saa nne usiku.

Anza na yule dada wa kliniki ya akili unayesema ananuna. Ukiona haya, nitumie namba yake nimpigie mimi.

Wasalaam,
Mwantumu