Barua kwa mwanangu Neema

Mwanangu Neema,

Mama yako ameniambia Jumatatu unapanda treni kwenda Tabora, kupiga picha ndani ya lile tembe la Kwihara, nyumba ya udongo alimokaa Livingstone mwaka 1872, na ukirudi utashuka Manyoni uende Kilimatinde, kisha upite vijijini kwenye tembe zilizohamwa. Kwa nini niambiwe na mama yako?

Kwihara sina shaka napo, ni makumbusho, pana mtunzaji. Hofu yangu ni hizo zilizohamwa. Mvua zimeanza. Paa la tembe ni udongo mtupu juu ya fito na boriti. Likinyeshewa linakunywa maji, linakuwa zito, na boriti zenyewe mchwa wameshazila. Tena linaweza kushuka mvua ikiwa imekatika, jua linawaka, nawe umeinamia kamera. Kabla hujaingia, gonga nguzo kwa kifundo cha kidole. Ikilia kama debe tupu, au ukiona unga wa mbao chini yake, usiingie. Piga picha ukiwa mlangoni.

Utasema ndani ni giza. Si wewe uliyenionyesha kwamba kamera ikitulia kwenye stendi, ukaiachia sekunde kadhaa bila fleshi, inaona mpaka masizi ya darini? Na kwamba picha ya dirishani na ya kona yenye giza unaziunganisha? Ile yako ya jiko, mwanga wa tundu la paa umeangukia jiwe la kusagia, namwonyesha kila fundi ninayepaua naye. Nduguzo wote wameshika randa, ila anayejua kuutazama ukuta ni wewe.

Penye popo vaa barakoa, vumbi la mavi yao linaharibu mapafu. Anza kwa mwenyekiti wa kijiji, usiingie kimyakimya; Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964. Na usihamishe chungu cha watu ili picha ipendeze.

Lakini paa, Neema. Gonga nguzo kwanza. Usiende peke yako.

Huku tenki limepasuka, tunachota kwa jirani. Mama yako amepanda karanga katikati ya zabibu, nimemkatalia, ameshapanda. Tabora utuletee asali, ununue kwa warinaji wenyewe, si ya chupa za stesheni. Na simu ikiita, pokea.

Baba yako