Nishati safi sawa, lakini walioumia mapafu tayari nao wafundishwe kupumua

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wote. Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo naona halisemwi kabisa. Mnaandika sana habari za nishati safi ya kupikia na mimi naunga mkono moja kwa moja, ule mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024 unataka ikifika 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, ni jambo jema na Mungu awajalie walifikishe. Ila kila nikisoma najiuliza, hivi wale ambao moshi umeshawaharibu mapafu nani anawasemea? Mama aliyepikia mafiga matatu tangu hajavunja ungo, leo ukimletea mtungi wa gesi umemsaidia asizidi kuumia na ni vizuri sana, lakini mapafu yaliyoharibika hayarudi. Anabaki na kifua chake, anahema usiku kucha, na hamna aliyekaa naye chini akamfundisha namna ya kuishi nacho.

Naongelea ugonjwa ambao madaktari wanauita COPD, njia za hewa kwenye mapafu zinakuwa nyembamba na vile vifuko vya hewa vinachoka, na ukishaupata ndo umeupata, dawa zinatuliza tu. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 uliua watu kama milioni 3.5, na kwa wanaokufa nao kabla ya miaka 70 karibu tisa kati ya kumi wako kwenye nchi zenye kipato cha chini na cha kati, yani huku kwetu. Watu wanadhani ni ugonjwa wa wazee wavuta sigara. Sigara ni kweli inaleta, na anayevuta akiacha leo kasi ya kuharibika inapungua hata kama ana miaka 70, hilo lisiwe na mjadala. Lakini jirani zetu Uganda walipima watu wa Masindi, vijijini, utafiti ukachapishwa 2015, wakakuta watu 16 kati ya kila 100 wenye miaka 30 na kuendelea wanao, na wanawake wanao kama wanaume, karibu kila mtu pale alikuwa anaishi na moshi wa kuni. Kuna na waliopona TB lakini mapafu yakabaki na makovu, na waliofanya kazi kwenye vumbi la migodini. Wote hao tunawapita huko mtaani tunasema ana pumu.

Mimi namuuguza mama yangu mzazi, tuko Njombe. Hajawahi kuvuta hata sigara moja, alikuwa anapikia watu chakula, kuni mbichi, jiko halina dirisha. Kwa miaka mingi tuliambiwa pumu, baadae akapimwa TB mara kadhaa haikuonekana, mpaka siku alipopuliza kwenye spirometa, kile kifaa cha kupima pumzi, hospitali moja ndo tukaambiwa ni COPD. Akapewa pampu ya kuvuta dawa na karatasi ya kurudi kliniki. Basi. Siwalaumu wale manesi, foleni ilikuwa mpaka nje, lakini kwa kweli mgonjwa alitoka pale hajui hata ile pampu anaikamataje.

Aliyemfundisha ni kijana mmoja wa mazoezi tiba, siku mama amelazwa hospitali nyingine. Alimwangalia anavyohema akamwambia, "Mama yangu, wewe unavuta sana ila hutoi." Hapo ndo nilielewa ugonjwa wenyewe. Mgonjwa anahisi hewa haiingii kwahiyo anahangaika kuvuta, anavuta harakaharaka kwa mabega na shingo, kumbe shida kubwa ni hewa ya zamani iliyonasa ndani, haijatoka, na mpya haina pa kukaa. Kadri anavyovuta haraka ndo inazidi kunasa, na hofu inapanda, na hofu nayo inamfanya aheme zaidi.

Akamwonyesha hivi. Legeza mabega kwanza. Vuta kwa pua taratibu, hesabu moja mbili, funga mdomo. Halafu bana midomo kama mtu anayepuliza uji wa moto na utoe polepole, moja mbili tatu nne, usisukume kwa nguvu wala usijaze mashavu, iache itoke yenyewe mpaka iishe. Kutoa kuwe kurefu mara mbili ya kuvuta, hiyo ndo siri yote. Ile midomo kubanwa inafanya njia za hewa zikae wazi muda mrefu zaidi zisijifunge kabla hewa haijatoka. Sasa kosa la wengi ni kusubiri mpaka pumzi imekata ndo wajaribu, hapo huwezi kujifunza kitu. Inatakiwa ufanye ukiwa umekaa vizuri umetulia, asubuhi na jioni dakika chache, mwili uzoee, ili siku kifua kikibana uifanye bila kufikiri.

Ya pili ni ya tumbo, mkono mmoja kifuani mwingine juu ya kitovu, ukivuta mkono wa tumboni ndo unyanyuke wa kifuani utulie. Hii inamsaidia mwingine na mwingine haimsaidii, hasa yule ambaye kifua kimeshatuna sana inaweza kumchosha zaidi, kwahiyo hiyo ufundishwe na mtaalamu akikuangalia, usilazimishe.

Na mkao. Ndugu zangu mgonjwa akibanwa msimlaze chali! Nimeona watu wanamlaza mgonjwa wanampepea huku wamemzunguka kumi, wamemzibia na hewa yenyewe. Mkalishe, ainame mbele kidogo, viwiko juu ya magoti au juu ya meza yenye mto, shingo na mabega vilegee. Akiwa amesimama njiani aegemee ukuta au ashike mti, mikono ikipata pa kuegemea misuli ya kifua inasaidia kuhema. Mpepee usoni kwa kawa au kipande cha boksi, ule upepo wa usoni unapunguza kuhisi amekosa hewa. Na ongea naye taratibu, hesabu naye, mama yangu nikianza tu kusema "toa mama, toa kwanza" anashuka.

Sasa mambo ya kila siku, na hapa ndo vitabu vya hospitali huwa havifiki. Kuinuka, kubeba, kupanda ngazi, kanuni ni ile ile, vuta kabla ya kazi, toa wakati wa kazi. Unataka kunyanyua ndoo, vuta kwanza halafu nyanyua huku unatoa. Watu wengi wanabana pumzi wakinyanyua ndo wanaishia kuanguka. Kuoga ni mtihani, kuinama kusugua miguu, mvuke, mikono juu kujipaka sabuni kichwani. Weka kigoda bafuni, aoge amekaa, mlango usifungwe kabisa, maji yawe ya vuguvugu yasiwe ya kutoa moshi. Kazi za mikono juu ya kichwa zinamaliza pumzi haraka sana, kamba ya kuanikia nguo shusha iwe usawa wa kifua, sukari na chumvi na sufuria vikae mezani visikae juu kabati wala chini sakafuni. Kumenya ndizi, kuchambua mboga, kupiga pasi, vyote akae.

Choo. Hamna anayeongelea choo na ndo pagumu kuliko pote. Kuchuchumaa kunakandamiza tumbo na tumbo linasukuma mapafu juu, akimaliza kuinuka hana pumzi, na kama amefunga choo anajikamua ndo balaa. Fundi seremala anaweza kutoboa kiti cha mbao katikati ukakiweka juu ya tundu, si gharama kubwa na heshima ya mzazi inabaki. Ale matunda, mboga na maji ya kutosha choo kiwe laini, isipokuwa kama daktari amempunguzia maji kwa sababu ya moyo.

Chakula ni kidogo kidogo mara nyingi, sahani moja kubwa ya ugali ikijaa tumboni kifua hakina nafasi. Kama maharage na kabichi vinamjaza gesi apunguze. Apumzike kabla ya kula, maana wengi wanakonda siyo kwamba hawana hamu, wanachoka kutafuna huku wanahema. Akikonda sana misuli ya kupumulia nayo inakonda, kwahiyo yai, samaki, dagaa, maziwa, parachichi ambalo huku kwetu limejaa, asikose.

Makohozi yasikae. Kukohoa kwa nguvu mfululizo kunachosha na njia zinajifunga, afadhali avute taratibu ya kiasi, mdomo uwe wazi, atoe kwa msukumo mmoja wa "haa" mara mbili tatu, makohozi yakipanda juu ndo akohoe mara moja ayateme. Kwenye kitambaa au kopo lenye mfuniko, siyo chini.

Pampu nazo. Tikisa, toa pumzi yote kwanza nje, weka pampu mdomoni uibane kwa midomo, bonyeza wakati ule ule unaanza kuvuta taratibu, kisha shika pumzi mpaka hesabu ya kumi kama unaweza. Wazee wengi hawawezi kubonyeza na kuvuta kwa pamoja, dawa yote inaishia kwenye ulimi. Hapo kuna spesa, kichupa kinachofungwa kwenye pampu dawa ikae humo kwanza, mgonjwa anaivuta kwa upande wa pili, na kama huna uwezo chupa ya plastiki ya nusu lita iliyooshwa na kukauka, itobolewe kitako tundu la saizi ya mdomo wa pampu na pazibwe vizuri pasivuje, inafanya kazi. Madaktari wa Cape Town waliipima kwa watoto wenye pumu wakachapisha 1999, ikafanana na spesa ya dukani. Muulizeni nesi awaonyeshe. Kama pampu ni ile yenye steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe kwenye njia za hewa, asukutue mdomo ateme, asipate utando mweupe. Na tafadhali tuache kununua vidonge vya salbutamol na prednisolone dukani kila kifua kikibana, vile vya kwanza vinapeleka moyo mbio na kutetemesha mikono, vya pili ukizoea vinaleta sukari na kula mifupa. Chanjo za mafua na nimonia nazo, ulizia hospitali kama zipo.

Huku kwetu Juni na Julai baridi inakata, watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani kumpasha mgonjwa joto. Jamani hapana! Ile gesi ya mkaa inaua hata mzima, sembuse mwenye COPD. Blanketi, soksi, chupa ya maji ya moto, na akitoka nje mtandio juu ya pua. Kujifukiza nyungu ndani ya blanketi nako mimi nilikataza nyumbani, joto na kubanwa vile kunamkata pumzi, najua wengine watanipinga. Kufagia nyunyiza maji kwanza, takataka zisichomwe karibu, udi na dawa ya mbu ya kuchoma viondoke chumbani kwake.

Halafu atembee. Sisi tunamhurumia mgonjwa tunamkalisha kitandani siku nzima, miguu inalegea, na miguu ikilegea pumzi ndo inaisha mapema zaidi. Hospitali ya Mulago pale Kampala waliwachukua watu ambao TB iliwaharibu mapafu wakawafanyisha mazoezi kwa wiki 6, wakatoka wanatembea mbali zaidi kuliko walivyoingia, na bila mashine za ajabu. Mama yangu anatembea mpaka kwa jirani, anasimama, anatoa pumzi kwa midomo, anaendelea. Kwaya hakuiacha, anaimba amekaa sauti ya chini, na huko Uingereza kuna vikundi kabisa vya wagonjwa wa mapafu kuimba maana kuimba ni kutoa pumzi kwa mpango.

Ila makohozi yakibadilika rangi yakawa ya njano au kijani na mengi kuliko kawaida, hawezi kumaliza sentensi, midomo au kucha za bluu, anasinzia hovyo au anaongea visivyoeleweka, miguu imevimba, hayo siyo ya kupulizia midomo nyumbani, ni hospitali saa hiyo hiyo. Na wenye mashine ya oksijeni msiongeze wenyewe mkidhani nyingi ndo nzuri, kwa wengi wa wagonjwa hawa madaktari wanalenga kile kipimo cha kidoleni cha oksijeni ya damu kisome asilimia 88 mpaka 92, ikizidi sana inaweza kumlaza usingizi mbaya. Na moto usisogee karibu nayo.

Ninachoomba Mhariri ni hiki. Presha na sukari vina siku zake za kliniki, mgonjwa anafundishwa chakula na mazoezi. Kifua nacho kipewe siku, hata mara moja kwa mwezi kwenye kituo cha afya, nesi mmoja na wahudumu wa afya wa jamii wafundishwe haya, maana wao ndo wanafika nyumbani. Haihitaji bajeti ya mashine, inahitaji mtu, benchi na muda. Wizara ikipita na mitungi ya gesi vijijini ipite na mtu huyo.

Na ninyi gazeti, Jumatano ya tatu ya Novemba kila mwaka ni siku ya COPD duniani. Mpeni mtaalamu wa mazoezi tiba ukurasa mmoja wenye michoro, mgonjwa anavyokaa, anavyotoa pumzi, anavyoshika pampu, herufi kubwa wazee wasome. Tutaukata tuubandike ukutani.

Binti anayemuuguza mama yake,
Njombe