Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Karibuni Moshi, sisi waongozaji wa Mlima Kilimanjaro ambao pia tunazijengea tovuti kampuni za utalii. Mkutano tumeuweka tena masika, kwa kuwa Aprili na Mei ndiyo miezi ambayo njia zina matope, wageni ni wachache, na wengi wetu tumeshika kompyuta badala ya fimbo. Hesabu atazisoma mhazini na sitamtangulia.

Jambo nitakalolisema kwa urefu ni maneno tunayoyaweka kwenye tovuti za kampuni. Fundi wa kawaida akiletewa maandishi na mteja, huyabandika akaenda zake. Sisi hatuna ruhusa hiyo. Sisi tunajua kwamba mgeni wa njia ya Marangu ya siku tano, akipanda, analala kambi ya Horombo, mita 3,720, usiku mmoja tu, kesho yake yuko Kibo, kambi ya mwisho, na usiku huohuo anaamshwa kwenda kileleni. Siku ya sita ndiyo inayompa nafasi ya kutembea hadi Miamba ya Pundamilia na kurudi Horombo kulala, mwili uzoee hewa nyepesi. Lakini nimefungua tovuti zilizojengwa na wenzetu nikakuta siku tano ndizo ziko juu kabisa, bei imekolezwa, na chini yake asilimia ya wanaofika kileleni ambayo hakuna mtu aliyeihesabu.

Nilimuuliza ndugu yetu mmoja namba ile kaitoa wapi. Akasema mwenye kampuni alimtumia kwenye simu. Nikamuuliza kama ni yeye atakayekuwa na mgeni wa tovuti hiyo Gilman's, juu ukingoni mwa kreta, anatapika, anapepesuka, na bado anang'ang'ania kusonga kwa sababu tovuti ilimhakikishia atafika. Alinyamaza. Siku iliyofuata aliiondoa. Mwenye kampuni alikasirika, kazi akampa mtu mwingine, na malipo ya mwisho hayakutoka. Mwenzetu amepoteza fedha kwa kukataa kuandika uongo, na kamati inaomba mkutano huu uidhinishe mfuko wetu umfidie. Mimi binafsi naunga mkono kwa moyo wote.

Tunapendekeza pia kwamba kila ukurasa wa safari tunaoujenga utaje mgeni atalala mwinuko gani kila usiku, na useme waziwazi kuwa mwongozaji akiamua mgeni ashuke, mgeni anashuka. Sentensi hiyo moja, ikiwa imesomwa mapema nyumbani kwa mgeni, inamwokolea mwongozaji ubishi wa saa kumi na moja alfajiri Stella Point, nako ni ukingoni mwa kreta.

Na wapagazi je? Tovuti nyingi zina picha zao nzuri, mizigo kichwani, Ukuta wa Barranco nyuma yao. Je, waliulizwa? Na kama ukurasa unasema kampuni inawajali huku mizigo inazidi kilo 20 ikishavuka mizani ya getini, sisi tunaujua uongo huo kuliko mtu yeyote, maana wengi wetu mlima tuliuanza kwa kubeba.

Julai kulitokea jambo ambalo sitaki lirudiwe. Tovuti ya mteja mmoja ilizimika wakati mjenzi wake yuko na wageni kambi ya Barafu, ya mwisho kabla ya kilele. Ujumbe ulimfikia baada ya chakula cha jioni, saa chache kabla ya kuondoka kwenda kileleni, naye akajifunika blanketi hemani akahangaika na simu mpaka karibu saa tano. Hakulala. Aliwapandisha wageni na kuwashusha salama, namshukuru Mungu, lakini msaidizi wake aliniambia kwamba njiani alikuwa anasinzia akiwa amesimama. Tangu Agosti 2022, intaneti ya kasi ilipofikishwa Horombo, tumezoea kuwa mtandao upo mlimani. Upo, ila usiku wa kileleni ni wa kupumzika. Kuanzia sasa anayepanda amkabidhi mwenzake aliye chini nywila na orodha ya tovuti zake kabla ya kufika getini, na mwenzake alipwe kwa kazi atakayofanya. Waliokwisha kuanza kupokezana hivi wanasema hata wateja wametulia.

Kuhusu fomu za wageni: tunakusanya namba za pasipoti, umri, magonjwa ya moyo, dawa wanazotumia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na fomu inayotuma taarifa za afya kwenye barua pepe wanayoifungua watu wote ofisini ni hatari kwa mgeni na kwetu. Mgeni hutuambia ana pumu kwa sababu anatuamini na maisha yake. Tuanze na tovuti za zamani, ndizo mbaya zaidi.

Jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, liandikishwe kwa mteja, si kwa fundi. Kulishikilia ili ulipwe deni hakukubaliki, hata kama deni ni la haki. Madeni yaleteni kwa kamati.

Masomo ya masika yataanza Jumatatu. Wasaidizi wa waongozaji na wapagazi wanaotaka kujifunza waje bila ada, na atakayekuwa na kompyuta ya ziada aje nayo, kwa maana mwaka jana watu watatu walikuwa wanachangia moja.

Naomba kuwasilisha.