Asili Yako Si Ushahidi: Barua ya Wazi kwa Vijana Wanaosema Hadharani

Wanangu,

Nawasalimu nyote mlioamua kuyasema yaliyo moyoni mwenu mbele ya watu: mnaoandika magazetini, mnaoketi studio za redio, mnaorusha video kwa simu zenu, na hata ninyi mnaojiita wachambuzi bila kuajiriwa na chombo chochote. Nawaandikia nyote barua moja kwa sababu, kwa msikilizaji, tofauti zenu zimekwisha. Anayelipokea neno lenu haulizi kama mna kitambulisho cha uandishi. Hulisadiki au hulikataa, kisha humpelekea jirani yake.

Nimehariri habari za watu wengine kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na siku hizi ninasoma na kusikiliza tu. Ninalolisikia kila siku ni hoja zinazoanza kwa msemaji kujitaja: mimi kama Mwislamu, mimi kama Mkristo, sisi watu wa kaskazini, nikiwa mwanamke, nikiwa mtoto wa mkulima. Sina ugomvi na mwanzo huo, kwani msikilizaji ana haki ya kujua anayezungumza naye amesimama wapi. Ugomvi wangu ni kwamba mara nyingi baada ya utangulizi huo hakuna kinachofuata. Msemaji hujitaja, hutoa tuhuma, halafu hukaa kimya kana kwamba jina la kabila lake au la dini yake limekwisha kumthibitishia alilolisema.

Mama aliyejifungua katika hospitali isiyo na dawa ana haki kamili ya kusema kwamba dawa hazikuwepo, kwamba aliambiwa akanunue nje, na kwamba aliumia. Hilo amelishuhudia kwa mwili wake, na mtu akimwambia anyamaze kwa kuwa hana takwimu, mtu huyo anamdhulumu. Lakini mama huyohuyo akisema kwamba dawa ziliibwa na fulani, au kwamba wilaya yake ilinyimwa dawa kwa makusudi kwa sababu ya kabila la wakazi wake, hapo ametoka kwenye alichokiona na kuingia kwenye asichokiona. Huenda ni kweli tupu. Hata hivyo, mwandishi anayelipokea dai hilo anapaswa kutafuta hati za kupokelea mzigo, leja ya stoo, mgawo wa wilaya jirani, na jibu la huyo anayetuhumiwa. Uchungu wa mama hauwezi kuifanya kazi hiyo kwa niaba yake, na kumwachia aifanye ni uvivu unaojificha nyuma ya huruma.

Kosa la upande wa pili ni pacha wa hili. Ni pale mtu anapoleta hati zake zote mezani akajibiwa, “Wewe si wa kwetu, utajua nini?” Leja haibadiliki kwa sababu aliyeifunua ni mgeni. Yule anayetaka aaminiwe kwa asili yake na yule anayemkataa mwenzake kwa asili yake wamekubaliana jambo moja, nalo ni kwamba ushahidi hauna kazi.

Tafadhali msione kama haya ni mambo ya darasani. Redio ya RTLM, iliyoanzishwa na Wahutu wenye siasa kali, ilianza kutangaza Rwanda mnamo Julai 1993, na haikuanza kwa kuita watu kwenye mauaji. Ilipendwa kwa muziki wake, kwa utani wake, na kwa namna watangazaji wake walivyozungumza na wasikilizaji kama marafiki. Mmoja wa waanzilishi wake, Ferdinand Nahimana, alikuwa msomi wa historia wa chuo kikuu. Mmoja wa watangazaji wake, Georges Ruggiu, alikuwa mzaliwa wa Ubelgiji, si Mhutu wala Mtutsi. Mwaka 2000 alikiri makosa ya uchochezi akahukumiwa miaka 12. Nawakumbusha habari zake kwa sababu wapo wanaodhani chuki ya kikabila hutoka katika damu, kumbe inaweza kufundishwa na kusomwa mbele ya kipaza sauti na mtu asiyehusika nayo kwa lolote. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza Aprili 1994, redio hiyo ilitaja watu kwa majina na mahali walipokuwa, na kwenye vizuizi vya barabarani watu walichambuliwa kwa vitambulisho vilivyoandikwa kabila, utaratibu ulioletwa na utawala wa Kibelgiji katika miaka ya 1930.

Katika kesi ya vyombo vya habari iliyosikilizwa Arusha na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa, hukumu yake ikatolewa tarehe 3 Desemba 2003, kuna jambo ambalo wengi hawalitaji, na kwangu ndilo lenye mafunzo kuliko yote. Jean-Bosco Barayagwiza, mwanzilishi mwingine wa RTLM na mmoja wa washtakiwa watatu, aliwahi kusimulia redioni jinsi alivyobaguliwa kwa kuwa Mhutu. Majaji walilisikiliza simulizi hilo na wakaona ni maelezo ya mtu aliyeumizwa, yanayogusa moyo, na kwamba kuyatangaza ilikuwa matumizi halali ya redio. Hawakumwambia kwamba hakuwa na haki ya kutaja kabila lake wala maumivu yake. Wakamtia hatiani kwa mambo mengine, pamoja na Nahimana na mhariri wa Kangura, gazeti lililoeneza chuki dhidi ya Watutsi, Hassan Ngeze. Rufaa ya mwaka 2007 ilifuta sehemu ya makosa na kupunguza vifungo, lakini hakuna kati yao aliyetoka bila hatia.

Mstari ambao majaji waliuchora ndio ninaowaomba muushike. Kusema “nilifanyiwa hivi kwa sababu ya kabila langu” ni ushahidi wa mtu mmoja juu ya maisha yake. Kusema “basi wale wote ndivyo walivyo” ni kuwahukumu mamilioni kwa kosa la watu usioweza hata kuwataja kwa majina. Kati ya sentensi hizo mbili hakuna daraja. Mtu huruka, na anaporuka huwa amepandwa na hasira, na wasikilizaji humpigia makofi, hivyo haoni kwamba ameruka.

Je, basi tusitaje makabila na dini kabisa? Wapo wahariri wanaofikiri hivyo, na nia yao ni njema, lakini hawanishawishi. Katika chumba cha habari nilikuwa na swali moja kwa kila mwandishi aliyeniletea habari yenye kabila la mtuhumiwa ndani yake: ukilitoa neno hilo, msomaji atashindwa kuelewa nini? Kama mtu ameiba fedha za chama cha ushirika, kabila lake halielezi chochote, na anayelitaja anawaibia jina wenzake wote wasioiba. Lakini kama habari yenyewe ni kwamba kundi fulani linanyimwa kitu kwa sababu ya asili yake, kulificha jina la kundi hilo ni kuificha habari. Mwaka 2011, kamati ya wataalamu wa Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto wa Kinubi, ambao jamii yao ilipata taabu kutambuliwa kuwa raia. Habari hiyo huwezi kuiandika bila neno “Wanubi”. Na tazameni ilivyoshinda: kwa kuonyesha taratibu ambazo wengine hawakutakiwa kuzipitia, na kwa kuonyesha nyaraka ambazo watoto hao walikosa.

Sasa niseme kidogo kuhusu wakubwa, maana najua kuna watakaosoma barua hii wakidhani mzee ametumwa kuwafunga midomo. Serikali nyingi zimejifunza kuuita ukosoaji uchochezi, na huitumia kumbukumbu ya Rwanda kama rungu la kumpigia mwandishi aliyefichua ufisadi. Wakifanya hivyo kwenu, kumbukeni kwamba Arusha hiyohiyo ni makao ya mahakama nyingine, ile ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu. Mbele yake alikwenda Lohé Issa Konaté wa Burkina Faso, mhariri wa gazeti la L'Ouragan, aliyefungwa miezi 12 kwa maandishi yaliyomtuhumu mwendesha mashtaka wa serikali. Tarehe 5 Desemba 2014 mahakama hiyo iliamua kwamba kumfunga jela kwa kosa la kashfa kulikiuka ibara ya 9 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na za Watu, inayolinda haki ya kutoa maoni. Zingatieni kwamba mahakama haikusema tuhuma zake zilikuwa za kweli. Ilisema jela si jibu lake.

Tofauti kati ya Konaté na RTLM si ya ukali wa maneno, kwani Konaté naye hakuwa mpole. Mmoja alimtaja mtu mwenye cheo na jambo aliloona amelifanya, na mtu huyo alikuwa na mahakama, magazeti mengine na sauti yake mwenyewe ya kumjibu. Wengine walilitaja kabila, na kabila haliwezi kusimama kizimbani likajitetea. Kwa hiyo mkitaka kuwa wakali, kuweni wakali kwa mtu, cheo, tarehe na tendo.

Kuhusu hofu sitawadanganya. Norbert Zongo, mwandishi wa habari, naye wa Burkina Faso, aliuawa tarehe 13 Desemba 1998 akiwa anachunguza kifo cha dereva wa ndugu wa rais, na mwaka 2014 mahakama ileile iliona kwamba dola haikutimiza wajibu wake wa kuwasaka waliomuua. Hakuna mzee mwenye haki ya kumwagiza mtoto wa mwenzake akafe. Ninachokiomba ni kidogo zaidi: pale ambapo ukweli ni wa hatari kuusema, nyamazeni kama hamna budi, lakini msiujaze ukimya huo kwa uongo unaowapendeza wakubwa.

Hata hivyo, kwa wengi wenu anayewafunga mdomo si askari. Ni shangazi, ni kikundi cha ukoo kwenye simu, ni wafuasi wenu wenyewe. Kumkosoa waziri wa chama usichokipenda ni rahisi, na watu wako watakuita shujaa. Jaribu kuandika kwamba kiongozi wa dhehebu lako amekula sadaka, au kwamba mgombea mliyemlilia pamoja amedanganya kuhusu elimu yake, uone simu zitakavyoingia: “Damu ni nzito kuliko maji, kwa nini unatuanika?” Hapo ndipo hujulikana kama unachokitafuta ni ukweli au ni ushindi wa watu wako. Mimi naamini mwandishi ambaye hajawahi kuwaudhi watu wake hajaanza kazi, na naamini pia kwamba sauti yake dhidi ya wengine haina uzito, kwa kuwa kila mtu anajua tangu mwanzo atasema nini.

Dawa ninayoijua si ngumu, ingawa haipendezi kuimeza. Habari inayowafurahisha ndiyo ya kuichunguza mara mbili. Ikikujia picha inayoonyesha wapinzani wako wakifanya uovu uliokuwa unawashuku nao siku zote, furaha unayoihisi iwe onyo: ilipigwa lini, wapi, na nani, na kwa nini imetokea leo? Mwaka 2018 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wao wa habari zilizosambaa Twitter kati ya mwaka 2006 na 2017, wakaona kwamba habari ya uongo ilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa kuliko ya kweli, na kwamba waliosababisha tofauti hiyo ni watu, si programu zinazojiendesha. Wahenga wetu nao walitupa msemo ambao leo unatumiwa vibaya, ule wa “lisemwalo lipo, na kama halipo laja”. Nimeusikia ukitolewa na watangazaji kama kibali cha kusoma uvumi hewani. Msemo si chanzo cha habari. Lisemwalo huenda lipo kwa sababu kuna mtu aliyelipwa alisema.

Na msijifiche nyuma ya neno “maoni”. Ni maoni kusema kwamba bajeti haiwajali maskini, na unaweza kuyatetea mpaka usiku. Si maoni kusema kwamba mbunge fulani alipokea hongo. Hilo limetokea au halikutokea, na kulitanguliza kwa “kwa mtazamo wangu” hakukupunguzii wajibu wa kulithibitisha. Vivyo hivyo, kuwaalika watu wawili wabishane juu ya jambo ambalo lingeweza kuhakikiwa kwa kupiga simu moja si usawa. Pigeni simu.

Linabaki suala la masahihisho, ambalo naona linafanywa kwa aibu, na nina maombi yangu mahususi. Kama tuhuma mliisoma katika taarifa ya saa mbili usiku, masahihisho yasomwe katika taarifa ya saa mbili usiku, na sauti ileile iliyoisoma. Kama iliandikwa ukurasa wa kwanza, irekebishwe ukurasa wa kwanza. Kama ni video, msiifute kimyakimya. Acheni maelezo yanayosema kilichokuwa na kosa na nani aliyetajwa isivyo haki, kwa jina lake kamili. Na kama kosa liliangukia kabila zima au dini nzima, mhusika mmoja aliyetoka katika kundi hilo apewe nafasi ya kulizungumzia akiulizwa maswali kwa adabu, naye ajibu kwa muda uleule ambao tuhuma ilichukua.

Wenu katika kazi,
Mzee mhariri mstaafu