Nihamie bima yenye akaunti ya akiba, au nibaki nilipo?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni Mtanga ninayeishi Columbus, Ohio, na mume na watoto wawili. Nafanya kazi ya kutunza wazee, mwenzangu anaendesha lori, na sote tumo kwenye bima ya kazini kwangu. Muda wa kuchagua bima ya mwaka 2026 unakwisha wiki ijayo, na ukishachagua umechagua, labda uzae au jambo kubwa kama hilo litokee.

Sasa hivi nakatwa dola 210 kila wiki mbili. Dola 1,000 za mwanzo za matibabu ya mwaka tunajilipia, kisha bima inaanza kuchangia. Mpango mpya unakata dola 130 tu, lakini hapo familia tunajilipia mpaka zifike 4,000, ukiacha chanjo na uchunguzi wa kila mwaka, ambavyo kwetu ni bure. Ndiyo unaokuja na akaunti ya akiba ya afya, HSA. Mwajiri atatia 800, nami naongeza kutoka kwenye mshahara kabla ya kodi. Kwa familia kikomo ni 8,750 kwa mwaka 2026, pamoja na za mwajiri. Zisipotumika hazipotei, na ukiacha kazi unaondoka nazo. Kibubu kisichotozwa kodi, nani atakikataa?

Hesabu nimepiga. Kwenye makato nitaokoa 2,080, ongeza 800, inakuwa 2,880. Mzigo unaoongezeka ni 3,000. Karibu sare, na unafuu wa kodi unaupa ushindi mpango mpya.

Ila hesabu hiyo ni ya mwaka mzima, na ugonjwa haungoji Desemba. Mwanangu wa mwisho ana pumu, na baridi ya Januari humbana kweli. Akaunti hiyo hulipa kilichomo tu, na mwajiri hutoa 200 kila robo mwaka. Akilazwa Januari hiyo hela naitoa wapi? Nimesoma kwamba tangu 2019 IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, inaruhusu mipango ya aina hii kulipia dawa za pumu za steroidi za kuvuta hata kabla hujatimiza kiwango chako cha kujilipia. Inaruhusu, hailazimishi. Watu wa HR nimewauliza, wamenitumia kijitabu cha kurasa tele ambacho jibu halimo.

Halafu kuna mwenzangu. Kazini kwake ana FSA, akaunti nyingine ya matibabu, ile ya kutumia ndani ya mwaka, na anataka kuiendeleza ili atengeneze meno. Kumbe akiwa nayo ya kawaida, mimi siruhusiwi kuchangia HSA, kwa kuwa hela zake zinaweza kulipia matibabu yangu. Ipo FSA ya meno na macho peke yake isiyoleta tatizo, lakini hajui kama kwao ipo, na kuuliza anaona uvivu.

Tena yeye ndiye anayeishabikia HSA, kwa sababu anayoijua mwenyewe: anasema tutamtibia mama yangu, ana presha na yuko Muheza. Nimemwambia haiwezekani. Mama si raia wa Marekani wala haishi huku, kwa hiyo kwa kodi hahesabiki kuwa tegemezi wetu. Tukizitoa kwa ajili yake kabla sijafika miaka 65, nitalipa kodi na faini ya asilimia 20 juu yake. Alinyamaza, lakini najua hajaridhika. Mimi mwenyewe nilikuwa nawaza kwamba tofauti ya kila mshahara nimtumie mama, maana dawa zake hazisubiri. Nikifanya hivyo, sasa akiba itatoka wapi?

Nauliza hivi, Shangazi, na wasomaji mlioko huku: mwenye mtoto wa pumu aliyehamia mpango huu alivukaje miezi ya mwanzo? Nibaki mwaka mmoja zaidi, nikusanye kwanza dola 2,000 benki, ndipo nihame? Na huyu baba nimwambieje kuhusu FSA yake bila ya kuonekana namnyima meno?

Mtanga wa Ohio