Tuwasaidie wageni bila kuwapiga picha

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie desturi iliyoenea ya kumpiga picha mtu tusiyemjua tunapomsaidia, kisha kuisambaza mitandaoni kabla hata hajafungua alichopewa. Jambo hili linaniumiza, nami nimepata mwanga katika mapokeo ya Wayahudi.

Torati, katika Mambo ya Walawi mlango wa 19, inamwagiza mwenye shamba asivune pembe za shamba lake wala kuokota masazo, bali amwachie maskini na mgeni. Ndivyo Ruthu, mjane kutoka Moabu, alivyojipatia nafaka katika shamba la Boazi, akiokota kwa mikono yake mwenyewe. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, nayo inaeleza kuwa Hekalu la Yerusalemu lilikuwa na chumba cha siri, ambamo wacha Mungu waliweka sadaka kwa faragha na watu wa jamaa bora waliofukarika wakapata riziki yao kwa faragha vilevile. Baadaye Musa bin Maimuni, mwanazuoni na tabibu wa Kiyahudi aliyezaliwa Cordoba, Uhispania, na kufariki Misri mwaka 1204, aliupanga utoaji katika daraja nane: ya juu kabisa ni kumkopesha mtu, kushirikiana naye au kumpatia kazi ili asihitaji kuomba tena, na inayofuata ni ile ambayo mtoaji na mpokeaji hawajuani.

Wala asiye na fedha hana udhuru. Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, inauweka wema wa vitendo juu ya sadaka, kwa kuwa sadaka hutolewa kwa mali na kwa maskini walio hai, ilhali wema hutendwa kwa mali na kwa mwili, kwa maskini na kwa tajiri, hata kwa maiti. Kumzika mtu asiye na jamaa ni wema ambao hawezi kuulipa kamwe.

Wapo wanaosema kuwa picha huwahamasisha wengine watoe. Sipingi kwamba huwahamasisha. Lakini mwenye njaa anayeombwa ridhaa huku chakula kikiwa mkononi mwa anayetaka kumpiga picha hana uhuru wa kukataa, na mahitaji yake yanaweza kuelezwa vizuri kwa maneno.

Kwa hiyo naliomba gazeti lako, linapochapisha habari za misaada, litaje kilichotolewa na kilichopungua, na lisionyeshe nyuso za waliopokea.

Msomaji wako